Barbara Loden: Mwanamke wa filamu moja aliyepongezwa Venice, akasahauliwa kwao

MWAKA 1970, katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Venice nchini Italia, filamu moja tu kutoka Marekani ndiyo iliyokubaliwa kuonyeshwa. Haikutoka katika kampuni yoyote kubwa ya Hollywood, na ilipigwa kwa mkanda mwembamba wa milimita 16, ambao wakati huo ulitumika zaidi kwa habari za televisheni na filamu za mafunzo.

Filamu hiyo iliitwa Wanda. Aliyeiandika, aliyeiongoza na aliyeigiza nafasi yake kuu alikuwa mtu mmoja, mwanamke wa miaka 38 aliyeitwa Barbara Loden. Ilikuwa filamu yake ya kwanza kuiongoza.

Tamasha lilipomalizika, Wanda ilikuwa imetunukiwa tuzo ya Pasinetti kama filamu bora ya kigeni. Tangu mwaka 1969 Venice ilikuwa imesitisha Simba wa Dhahabu, tuzo yake kuu, kufuatia vurugu na maandamano ya mwaka 1968. Kwa hiyo tuzo za waandishi wa habari za filamu, kama hiyo ya Pasinetti, zilikuwa na uzito wa pekee katika miaka hiyo.

Miaka kumi baadaye, Septemba 5, 1980, Loden alifariki dunia mjini New York kwa saratani ya matiti akiwa na umri wa miaka 48. Hakuwa amepata kuongoza filamu ndefu ya pili.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna swali ambalo hadi leo huwakabili wanawake wanaotengeneza filamu kwa nguvu zao wenyewe na kuzipeleka katika matamasha. Makofi yakishakwisha na taa za ukumbi zikishawashwa, filamu ile huenda wapi, na aliyeitengeneza hupata wapi mtaji wa kutengeneza nyingine? Maisha ya Barbara Loden yanatoa sehemu ya jibu.

Mtoto wa milimani

Barbara Ann Loden alizaliwa Julai 8, 1932, katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Ni eneo la milima ya Appalachia, na wakati huo nchi nzima ilikuwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929.

Wazazi wake walitengana angali mdogo. Akalelewa na babu na bibi yake wazaa mama katika mji mdogo wa Marion, watu walioshika dini kwa bidii. Alikua akiwa mtoto mkimya na mwenye haya, na baadaye maishani alikuwa akiueleza utoto wake kuwa ulikuwa wa upweke.

Alipofikisha umri wa miaka 16 aliaga milima hiyo na kwenda New York. Hakuwa na jamaa wa kumpokea katika ulimwengu wa sanaa, wala elimu ya juu ya kumfungulia milango. Alichokuwa nacho ni sura iliyowapendeza wapigapicha.

Akaanza kupigwa picha za magazeti ya hadithi za mapenzi na za upelelezi. Kisha akawa mcheza dansi katika klabu maarufu ya usiku ya Copacabana. Katika miaka ya 1950 alionekana kwenye televisheni, katika kipindi cha mchekeshaji Ernie Kovacs, ambako kazi yake ilikuwa ya msichana mrembo wa kufanyiwa vituko.

Katika kazi zote hizo alitakiwa kutazamwa tu, bila kutarajiwa kusema neno. Hali hiyo ya mwanamke anayetazamwa na asiyesikilizwa ndiyo aliyokuja kuigeuza kuwa kiini cha filamu yake.

Jukwaani na kwenye skrini

Loden hakuridhika na kutazamwa. Alijiunga na mafunzo ya uigizaji chini ya mwalimu Paul Mann, na mwaka 1957 akapanda jukwaa la Broadway katika mchezo wa Compulsion.

Katika kipindi hichohicho alikutana na Elia Kazan, mwongozaji aliyezaliwa Constantinople katika familia ya Kigiriki, ambaye jina lake lilikuwa kubwa katika tamthilia na sinema za Marekani. Kazan ndiye aliyeongoza A Streetcar Named Desire na On the Waterfront. Pia ndiye ambaye mwaka 1952 alitaja majina ya wenzake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, kitendo ambacho wengi hawakumsamehe.

Kazan alikuwa mume wa mtu na alimzidi Loden kwa zaidi ya miaka 20. Uhusiano wao ulidumu kwa miaka mingi kabla ya kufunga ndoa katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, baada ya mke wa kwanza wa Kazan kufariki dunia. Loden naye alikuwa ameolewa kabla na kuachika.

Kazan alimpa nafasi ndogo katika filamu ya Wild River ya mwaka 1960, ambako aliigiza kama katibu wa mhusika wa Montgomery Clift. Mwaka 1961 akampa nafasi ya dada mtukutu wa mhusika wa Warren Beatty katika Splendor in the Grass.

Kilele cha uigizaji wake kilikuja mwaka 1964. Mwandishi Arthur Miller alikuwa ameandika tamthilia ya After the Fall, na watu wote walijua kwamba mhusika Maggie alitokana na Marilyn Monroe, aliyekuwa mke wa Miller na aliyefariki dunia mwaka 1962. Loden alimwigiza Maggie chini ya uongozi wa Kazan, na akatunukiwa tuzo ya Tony, ambayo ni heshima ya juu katika tamthilia za Marekani.

Ilidhaniwa kwamba baada ya hapo milango ya Hollywood ingefunguka, lakini mambo hayakwenda hivyo. Alipiga sehemu yake katika filamu ya The Swimmer pamoja na Burt Lancaster, lakini filamu ilipotoka mwaka 1968 sehemu hiyo ilikuwa imeondolewa na kupigwa upya na mwigizaji mwingine, Janice Rule.

Pigo lililofuata lilitoka nyumbani. Mwaka 1967 Kazan alichapisha riwaya ya The Arrangement, na mmoja wa wahusika wake wakuu wa kike alitokana na Loden mwenyewe. Riwaya ilipogeuzwa kuwa filamu mwaka 1969, Kazan akiwa mwongozaji, nafasi hiyo alipewa Faye Dunaway, aliyekuwa nyota mpya baada ya mafanikio ya Bonnie and Clyde.

Hivyo Loden akaingia katika historia kama mwanamke ambaye maisha yake yalifaa kuwa hadithi, lakini yeye mwenyewe hakuonekana kufaa kuigiza hadithi hiyo.

Habari fupi gazetini

Chanzo cha Wanda kilikuwa habari ya gazeti. Takriban miaka kumi kabla ya filamu kutoka, Loden alisoma habari za mwanamke aliyeshiriki katika jaribio la kuiba benki. Mwanamume aliyeupanga wizi huo aliuawa, na mwanamke huyo akahukumiwa kifungo cha miaka 20 jela.

Kilichomshangaza Loden hakikuwa wizi. Kwa mujibu wa habari hiyo, mwanamke huyo aliposikia hukumu alimshukuru hakimu. Loden akajiuliza ni maisha ya namna gani yanayoweza kumfikisha binadamu mahali pa kuiona jela kuwa nafuu.

Akaandika muswada wa filamu na kukaa nao kwa miaka mingi. Aliwaonyesha waongozaji kadhaa, akaona kwamba hawakumwelewa mwanamke aliyemkusudia. Hatimaye akaamua kuuongoza mwenyewe.

Uamuzi huo haukuwa wa kawaida. Katika Hollywood ya wakati huo waongozaji wanawake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Dorothy Arzner alikuwa ameacha filamu tangu miaka ya 1940, na Ida Lupino aliongoza filamu yake ya mwisho ya sinema mwaka 1966. Nje ya Hollywood alikuwapo Shirley Clarke wa New York, ambaye naye alihangaika kwa kila senti.

Fedha zilipatikana kwa msaada wa rafiki, Harry Shuster, aliyekuwa mtayarishaji. Gharama yote ilikadiriwa kuwa takriban dola 115,000, katika zama ambazo filamu za kampuni kubwa ziligharimu mamilioni.

Watu wanne na kamera moja

Loden alitumia kikosi cha watu wanne tu, yeye akiwa mmojawapo. Nicholas Proferes, aliyezoea kupiga filamu za matukio halisi, ndiye aliyeshika kamera na baadaye kuhariri. Lars Hedman alishughulikia sauti na taa, na kijana mmoja akawa msaidizi wa kila kitu.

Waigizaji wa kulipwa walikuwa wawili, Loden mwenyewe na Michael Higgins, mwigizaji wa jukwaani. Wengine wengi walikuwa wakazi wa maeneo ambako filamu ilipigwa, wakiigiza katika nyumba, baa na maduka yao halisi. Kamera ilibebwa mkononi, na mwanga ulikuwa uleule uliopatikana mahali hapo.

Sehemu kubwa ilipigwa katika eneo la migodi ya makaa ya mawe la kaskazini mashariki mwa Pennsylvania, kandokando ya mji wa Scranton. Mtazamaji anaona milima myeusi ya masalia ya makaa, mitambo inayochimba karibu na madirisha ya nyumba, na bibi kizee aliyekaa na rozari mkononi.

Katika moja ya picha zinazokumbukwa zaidi, Wanda anaonekana kwa mbali akiwa amevaa nguo nyeupe, akitembea peke yake katikati ya weusi huo. Kamera haimsogelei. Inamfuata polepole kwa muda mrefu, naye anabaki nukta ndogo inayosogea.

Wanda Goronski ni mke wa mchimba makaa ambaye ameondoka kwa mumewe na kulala kwenye kochi la dada yake. Anafika mahakamani akiwa amechelewa, rola za nywele zikiwa bado kichwani, na anamwambia hakimu bila ubishi kwamba watoto watakuwa salama zaidi wakibaki na baba yao. Anaomba kazi katika kiwanda cha nguo, anaambiwa mikono yake ni mizito. Analala usingizi ndani ya sinema, anaamka pesa zake zimeibwa.

Usiku mmoja anaingia katika baa na kumkuta mwanamume nyuma ya kaunta. Anadhani ni mhudumu, kumbe ni mwizi aliyekwisha kumfunga mwenye baa. Anaondoka naye. Mwanamume huyo, ambaye Wanda humwita Bwana Dennis hadi mwisho, ni mkali, mgonjwa wa kichwa na mwenye hofu. Anampiga, anamchagulia nguo, anamkataza kuvaa suruali, kisha anamfundisha nafasi yake katika wizi wa benki.

Wizi unaharibika. Wanda anapotea njia katikati ya magari, na anapofika benki anakuta umati na polisi, Bwana Dennis amekwisha kuuawa. Loden hakuionyesha mahakama wala hukumu iliyompa wazo la filamu. Alimwacha Wanda katika baa ya kando ya barabara, amekaa kati ya wageni wanaocheka, sigara mkononi, kisha picha ikasimama.

Hakuna mahali ambapo filamu inamsifu Wanda, na hakuna mahali inapomdhihaki. Tofauti na Bonnie and Clyde ya mwaka 1967, wezi wake si warembo wala mashujaa. Loden hakuficha kwamba aliiona filamu hiyo maarufu kuwa ya uongo, kwa kuwa watu wa aina ile hawakufanana na watu aliowajua.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Alieleza katika mahojiano kwamba kama asingeondoka katika milima ya kwao, maisha ya Wanda yangeweza kuwa yake.

Sifa za Venice, ukimya wa kwao

Kukubaliwa Venice kulikuwa na maana kubwa. Filamu isiyo na kampuni nyuma yake haina fedha za matangazo, na haina wakala wa kuibembelezea kumbi. Tamasha ndilo tangazo lake, na wakosoaji wanaoandika kutoka huko ndio wanaoipigia debe. Mwaka uliofuata, 1971, Wanda ilionyeshwa pia katika Tamasha la Cannes nchini Ufaransa.

Kati ya matamasha hayo mawili, mapema mwaka 1971, ilifunguliwa mjini New York katika ukumbi mmoja, Cinema II. Vincent Canby wa gazeti la New York Times aliisifu. Pauline Kael wa jarida la New Yorker, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wakosoaji wengi wa nchi hiyo, hakupendezwa nayo, na alimwona Wanda kuwa mhusika asiye na pa kwenda.

Upinzani mwingine ulitoka mahali ambapo hakuutarajia. Huo ulikuwa wakati ambapo harakati za ukombozi wa wanawake zilikuwa zimepamba moto Marekani. Baadhi ya wanaharakati walitaka kuona wanawake wanaosimama na kupambana, si mwanamke anayefuata mwanamume mkatili kama mtu aliyelala. Walishindwa kuelewa ni kwa nini mwanamke, alipopata kamera mkononi, alichagua kumwonyesha mwanamke dhaifu kiasi kile.

Jibu la Loden lilikuwa katika filamu yenyewe. Wanawake waliokuwa wakizungumziwa katika mikutano walikuwa na maneno ya kueleza dhuluma waliyofanyiwa. Wanda hakuwa nayo. Loden aliamini kwamba mtu asiye na maneno naye yupo, na anastahili kutazamwa bila kupambwa.

Filamu haikusambazwa kwa upana Marekani. Ilionyeshwa kwa kipindi kifupi kisha ikatoweka kwenye kumbi. Mwaka 1972 Loden alionekana katika kipindi cha televisheni cha Mike Douglas, katika wiki ambayo John Lennon na Yoko Ono walikuwa wageni waalikwa, akaizungumzia kazi yake kwa sauti ya upole. Mamilioni walimwona siku hiyo, lakini waliokuwa na mahali pa kwenda kuiona filamu walikuwa wachache mno.

Filamu ya pili isiyokuja

Katika miaka ya 1970 Loden aliendelea kuandika. Alikuwa na miswada kadhaa, na miongoni mwa mipango yake ulikuwamo wa kuigeuza kuwa filamu riwaya ya Kate Chopin, The Awakening, inayohusu mwanamke wa kusini mwa Marekani anayekataa kuishi kwa ajili ya mume na watoto peke yake.

Fedha hazikupatikana. Tuzo ya Venice ilimpa heshima mbele ya wapenzi wa sinema, lakini wenye mitaji walitazama mapato ya Wanda, na mapato hayo yalikuwa madogo kwa sababu filamu haikuwa imeonyeshwa.

Mwaka 1975 aliongoza filamu mbili fupi za mafunzo kwa ajili ya shule. Moja, The Frontier Experience, inahusu mjane anayehangaika kuishi na watoto wake katika nyika za Kansas wakati wa walowezi wa kwanza, na Loden mwenyewe aliigiza ndani yake. Nyingine ni The Boy Who Liked Deer. Watoto wengi waliziona darasani bila kujua jina la aliyeziongoza.

Alifundisha uigizaji na kuongoza michezo katika kumbi ndogo za New York. Ndoa yake na Kazan ilikuwa imelegea, na wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya kuachana. Mwaka 1978 akagundulika kuwa na saratani ya matiti. Kazan alibaki naye hadi alipofariki dunia miaka miwili baadaye.

Mwaka 1988 Kazan alichapisha kitabu cha maisha yake, na ndani yake alimwandikia marehemu mkewe kurasa zenye mapenzi na majuto, lakini pia zenye dharau. Alikiri kwamba alikuwa na shaka kama mkewe angeweza kuwa mwongozaji. Kwa muda mrefu, msomaji aliyetaka kumjua Barbara Loden alilazimika kumjua kupitia macho ya mumewe.

Waliokataa ipotee

Walioizuia Wanda isife ni watu waliokuwa mbali na New York. Marguerite Duras, mwandishi na mwongozaji wa Ufaransa, aliisifu hadharani, na baada ya kifo cha Loden akafanya mazungumzo na Kazan kuihusu, yaliyochapishwa katika jarida la Cahiers du Cinéma. Kwa Duras, muujiza wa filamu hiyo ulikuwa kwamba hakuna pengo kati ya Loden na Wanda.

Mapema miaka ya 2000, mwigizaji Isabelle Huppert alichukua jukumu la kuirudisha filamu hiyo nchini Ufaransa, katika kumbi na kwenye DVD. Mwaka 2012 mwandishi mwingine wa Kifaransa, Nathalie Léger, alichapisha kitabu kuhusu jitihada zake za kuyatafuta maisha ya Loden. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Livre Inter mwaka huohuo.

Nchini Marekani, filamu iliponea chupuchupu. Mwaka 2007 maabara moja ya filamu ya Hollywood ilikuwa ikifungwa, na mikanda iliyokuwa imehifadhiwa humo ilikuwa njiani kutupwa. Ross Lipman, mtaalamu wa kukarabati filamu wa hifadhi ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliikuta humo mikanda asilia ya Wanda, ileile iliyopita ndani ya kamera ya Proferes.

Kama angechelewa, kazi hiyo ingebaki katika nakala zilizochakaa. Ukarabati ulifanywa kwa msaada wa taasisi ya The Film Foundation na kampuni ya mitindo ya Gucci, na nakala mpya ikaonyeshwa mwaka 2010 katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York.

Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Wanda katika orodha ya filamu za taifa zinazostahili kuhifadhiwa daima. Mwaka 2022, jarida la Uingereza la Sight and Sound lilipowauliza wakosoaji wa nchi mbalimbali kutaja filamu bora za wakati wote, Wanda ilishika nafasi ya 48, sawa na filamu ya Ordet ya Carl Dreyer.

Heshima hiyo ilikuja zaidi ya miaka 40 baada ya mwenyewe kufariki dunia. Haikuweza kumnunulia mkanda wa filamu wala kumlipa mpigapicha.

Funzo la tuzo moja

Ni rahisi kuyasoma maisha ya Barbara Loden kama hadithi ya bahati mbaya: ndoa ngumu, maradhi, kifo cha mapema. Mambo hayo yalikuwapo. Lakini saratani iligundulika mwaka 1978, na kufikia hapo miaka minane ilikuwa imepita tangu Venice. Katika miaka hiyo minane alikuwa mzima, alikuwa na miswada mezani, na alikuwa na tuzo ya kimataifa. Kilichokosekana ni mtu wa kuisambaza filamu ya kwanza na mtu wa kuigharamia ya pili.

Tamasha la Venice lilifanya kazi yake. Liliitambua filamu ambayo kwao haikutambuliwa, likaiandika katika kumbukumbu, na bila kumbukumbu hiyo huenda wapenzi wa sinema kama Duras na Huppert wasingepata cha kuwavutia. Ila tamasha hudumu siku chache tu, na mwongozaji hurudi nyumbani kuendelea na maisha.

Leo matamasha mengi duniani hutenga nafasi kwa ajili ya filamu huru za waongozaji wanawake, na baadhi yake huandaa mikutano ya kuwakutanisha na wasambazaji na wafadhili. Loden hakuwa na daraja la namna hiyo mwaka 1970. Alipeleka Venice filamu iliyokamilika, akarudi na tuzo, kisha akaachwa aendelee peke yake.

Wanda bado inaonyeshwa katika kumbi na matamasha ya nchi nyingi. Kila inapoonyeshwa, mwanamke yule mwenye nguo nyeupe hutembea tena katikati ya makaa, na watazamaji ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1970 hukaa kimya kumtazama. Miswada mingine aliyoiandika Barbara Loden imebaki karatasi, na hakuna ukarabati unaoweza kuwaonyesha watu filamu ambayo haikupigwa.